Mrejesho: gari la kukodi Mtwara na ile bima ya ziada

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kama nilipie bima ya ziada kwenye gari la kukodi, siku nne, Mtwara hadi Newala harusini. Wengi mlisema nisiliwe hela. Mmoja akanishauri nikague kwanza stika ya bima kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini. Nikakuta bima ndogo. Yaani nikimgonga mtu analipwa yeye, bati la gari nalipa mimi. Nikatoa 80,000 ya hiyo bima ya ziada, roho inauma.

Siku ya pili, tumeshapita Tandahimba, fuso la magunia ya korosho likarusha jiwe. Ta! Kioo cha mbele ufa kama utando wa buibui, upande wa shemeji. Embe likamdondoka mapajani.

Kurudisha gari, mwenyewe akachomoa karatasi: vioo na matairi havimo. Kumbe "bima" yenyewe ni makubaliano yake tu, na mimi nilisaini bila kugeuza upande wa pili. Tukavutana mpaka magharibi, nikalipa nusu ya kioo. Mikwaruzo ya bampa aliyotaka kunibambika ilishindikana, picha nilizipiga kabla sijawasha gari.