Wakuu, lehemu inaachia kwenye miguu ya ndege yangu ya rimoti

Kipanga_Mdogo: Habari za jioni wakuu. Nina ndege ya rimoti ya foamu, mabawa mita 1.4, uzito kama kilo moja na nusu. Miguu nimekunja mwenyewe kwa waya wa piano (ule wa chuma kigumu chenye uspringi) wa milimita 3. Nyaya mbili zinakutana chini karibu na gurudumu, kama herufi V, na hapo ndipo panaponitesa. Nimelehemu mara mbili, kwa nje panang'aa, ila nikitua mara tatu nne panaachia, ndege inalala kifudifudi. Natumia pasi ya kulehemu ya wati 40, ile ya mafundi redio, na lehemu ya kawaida yenye pesti (dawa ya kusaidia lehemu ishike) ndani. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Msasa: Ulifunga kwa waya wa shaba kwanza, au ulilaza tu waya juu ya waya?

Kipanga_Mdogo: Nililaza tu mkuu.

Mzee_wa_Msasa: Basi ndiyo hiyo. Lehemu ni laini, kisu kinaikata. Mzigo wa kutua unabebwa na shaba, lehemu inazuia tu isifunguke. Piga msasa mpaka chuma king'ae, futa mafuta kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme, zungushia sentimita 2 kwa kukaza, ndipo ulehemu.

Fundi Rejeta: Na hiyo pesti ya redio achana nayo, kwenye chuma hiki haifui dafu. Tafuta dawa ya kloridi ya zinki, sisi wa rejeta tunaitumia kila siku. Wati 40 nazo ndogo, chuma kinakunywa joto lote. Pata pasi ya wati 100 yenye ncha nene. Gusisha lehemu kwenye waya, siyo kwenye pasi. Waya wenyewe ukiiyeyusha, ikazama katikati ya shaba, hapo imeshika.

Baharia77: Mnamzungusha kijana. Tochi ya gesi, dakika moja kwisha.

Mzee_wa_Msasa: @Baharia77 lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inaanza kuyeyuka nyuzi 183 tu, tochi ya nini? Waya wa piano ukiiva mwekundu unapoteza uspringi wake. Akitua, miguu inapanuka na kubaki hivyohivyo.

Baharia77: Kumbe ndiyo maana yangu imekaa kama chura 😂

Kipanga_Mdogo: Nimewapata. Nilehemu ikiwa kwenye ndege?

Fundi Rejeta: Thubutu! Foamu itayeyuka. Gongea misumari kwenye ubao, ibane miguu kwa vipimo vyake, lehemia hapo. Fungua madirisha, ule moshi si wa kuvuta. Ukimaliza osha kwa maji yenye baking soda, kausha, paka oili, la sivyo wiki haiishi utaona kutu. Na dawa hiyo usiipeleke kwenye nyaya za betri, itazila.

Kipanga_Mdogo: Pasi ya wati 100 nimeshaazima kwa jirani. Msasa ninao.

Mzee_wa_Msasa: Leta picha kabla hujarusha.