Kipeperushi cha pombe kwa mtu asiyeona, nifanyeje?

Mnasihi: Wakuu, natoa ushauri nasaha kwa wenye shida ya pombe. Juzi alikuja kaka asiyeona. Kwa mazoea nikamnyooshea kipeperushi, mkono ukabaki hewani mpaka nikajishtukia. Na dodoso letu la kupima unywaji ni lile la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10, mtu ajaze mwenyewe. Nichapishe kwa breli?

Fimbo Nyeupe: Breli ichapishe, ila usiishie hapo. Sisi tuliopofuka ukubwani wengi hatuijui. Mimi macho yalikwenda na glakoma, na miaka miwili iliyofuata niliimalizia kwenye chupa. Nitumie maandishi kwenye simu, kisoma skrini kitanisomea. Lakini yawe maandishi kweli; karatasi uliyoipiga picha, mara nyingi simu inanyamaza tu.

Kilichonikera zaidi ni hilo dodoso. Mimi alinisomea mke wangu. Swali la kwanza tu, unakunywa mara ngapi, nikajibu "mara mojamoja". Wewe ungesemaje, naye kakaa pembeni ameshika kalamu? Baadaye nikalijaza peke yangu, spika za masikioni, nikapata alama 23. Kuanzia 8 tayari ni unywaji wa hatari.

Halafu mnatuambia "hesabu glasi zako". Namimina kidole kikiwa ndani ya glasi, kikilowa naacha. Glasi iwe kubwa iwe ndogo, kwangu ni moja. Na asilimia ya kilevi iko kwenye lebo.

Uoni Hafifu: Msitusahau tunaoona kidogo. Herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, karatasi isiyong'aa. Na matangazo ya televisheni, muziki mtamu halafu "piga namba hiyo hapo chini". Chini wapi jamani? Itamkeni, polepole, mara mbili.

Mnasihi: Fimbo Nyeupe, sasa kuhesabu ulifanyaje?

Fimbo Nyeupe: Kikombe kidogo cha kupimia. Nakijaza mpaka kidole kiguse ukingoni, namwaga kwenye glasi, nahamisha kifungo kimoja cha shati kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Siku ya kwanza mfuko wa kushoto uliisha vifungo kabla ya saa mbili usiku. Siku hizi sinywi kabisa, lakini mkono unajua ile siku ilikuwaje.

Mnasihi: Kaka anarudi Alhamisi. Nitamwekea maswali kwenye simu, nimpe spika za masikioni, mimi nitoke nje.

Fimbo Nyeupe: Na ufunge mlango.