Utrasaundi imeonyesha sisti (kifuko chenye majimaji) kwenye ovari (kiungo cha mayai ya uzazi) ya mtoto aliye tumboni, naombeni msaada

Mama Kijacho, Nyegezi: Habarini ndugu zangu, nina mimba ya wiki 33, juzi nimepiga utrasaundi daktari akazungusha kile kidude tumboni mda mrefu kweli, akasema mtoto wa kike na ovari yake ina sisti ya sentimita 3, kaduara keusi tii kwenye skrini. Nimepanda daladala nalia. Ni kansa? Nitapasuliwa?

Dada Nesi: Pole mdogo wangu. Kansa kwa hawa ni nadra sana. Homoni zako na za kondo ndo zinachochea ovari ya mtoto, mara nyingi miezi mitatu ya mwisho, akishazaliwa homoni zinashuka na sisti nyingi zinanywea zenyewe ndani ya miezi kadhaa. Muulize daktari kama ndani ni maji matupu au kuna mabonge, mabonge yanaweza kuwa damu au ovari imejinyonga, yaani imejisokota. Ikizidi sentimita 4 wanaifuatilia kwa karibu zaidi. Sisti peke yake mara nyingi haizuii kuzaa kawaida.

Baba Wawili, Ukerewe: Ya binti yetu ilikuwa 4 na nusu, tulipanda kivuko kila baada ya wiki mbili kuja Mwanza kupima, akazaliwa kawaida, miezi mitano haionekani tena. Akizaliwa apimwe tena, na akitapika sana au tumbo likivimba muwahishe hospitali usiku huohuo.

Mama Kijacho, Nyegezi: Asanteni jamani, kliniki ni Alhamisi, maswali nimeyaandika nyuma ya kadi.