Naombeni ushauri: nipige picha na kibao au nikae kimya?

Mzaramo_Baridini: Wakuu, heshima kwenu. Niko Marekani, mwaka wa 2, nasoma uhandisi. Darasani weusi tuko wawili, mimi na Mghana anaitwa Kwame. Muhula mzima profesa ananiita Kwame. Jamaa ananizidi kichwa kizima na anavaa miwani! Wiki iliyopita karatasi yangu ya mtihani kapewa yeye.

Sasa chama cha wanafunzi weusi kinapiga picha za kurusha mtandaoni, kila mtu kashika kibao chenye maneno yake, kama walivyofanya wenzetu wa Harvard 2014. Changu nimeshaandika: "Mimi siyo Kwame." Kiko chini ya kitanda. Mama kanipigia: "Hukwenda huko kugombana na wazungu." Nifanyeje?

Tumbo_Joto: Dogo, soma urudi. Cheti kitaandikwa jina lako.

Binti_Ilala: @Tumbo_Joto leo wamebadilisha karatasi, kesho wakibadilisha alama? Cheti hicho utakisoma wewe.

Mkongwe_Michigan: Nilikuwa huku Chuo Kikuu cha Michigan Novemba 2013, hashtegi ya #BBUM (Being Black at University of Michigan, yaani kuwa mweusi chuoni hapa) ilipovuma. Weusi hatukufika hata asilimia 5 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Twiti zilisomwa nchi nzima, lakini kilichokibana chuo ni madai 7 yaliyoandikwa na wanafunzi weusi, Januari 2014. Walidai kituo kipya cha Trotter, cha wanafunzi wa tamaduni mbalimbali, katikati ya kampasi, kilifunguliwa 2019. Walidai pia weusi wafike asilimia 10. Hiyo mpaka leo hola. Kwa hiyo mdogo wangu, piga picha ukitaka, ila andika na barua: tarehe, somo, karatasi ilivyokwenda kwa mwingine. Profesa atacheka na kibao, barua lazima ijibiwe.

Mzee_wa_Viza: Tangu Juni 2025 waombaji wa viza ya masomo wanatakiwa kuacha akaunti zao wazi zikaguliwe. Ukija likizo viza imeisha, utaomba upya. Sisemi kibao ni kosa. Pitia kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uulize.

Mzaramo_Baridini: Asanteni wakuu. Jana nimekaa na Kwame mwenyewe. Kumbe maabara ya Alhamisi yeye ndiye anaitwa jina langu, na alikuwa anaona aibu kuniambia. Barua tunaandika wote wawili leo jioni. Picha bado naifikiria, mama nitamwambia Jumapili.