Kujifunza utengenezaji wa filamu kutoka kwa wabobezi: chuo, warsha au kukaa kwenye seti?

Mpigapicha wa Moro
Wadau, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga video za harusi na sendofu hapa Morogoro, na sasa nataka kuingia kwenye filamu za hadithi. Kamera naimudu, kinachonishinda ni kuwaongoza waigizaji na kuigawa hadithi katika shoti, yaani vipande vinavyopigwa kimoja kimoja. Akiba niliyo nayo yatosha ama kulipia masomo ya mwaka mmoja, ama kuishi Dar es Salaam kwa posho ndogo nikiwa msaidizi wa mwongozaji mzoefu. Naomba mnilinganishie njia hizi, pamoja na zile warsha fupi za wabobezi wa kimataifa.

Mhariri Kinondoni
Nianze na seti, yaani mahali filamu inapopigwa, kwa kuwa wengi huisifia bila kueleza kinachopatikana pale. Mtazame mtunza mwendelezo akiwa kazini: anaandika chai imefika wapi kwenye kikombe, mhusika amekishika kwa mkono upi, na alikuwa akitamka neno gani alipokiinua, kwa sababu shoti ya karibu ya mazungumzo yaleyale huenda ikapigwa saa tatu baadaye. Umakini wa namna hiyo hukuingia kwa kusimama karibu na anayeufanya. Hata hivyo, mwongozaji anayekimbizana na jua hana nafasi ya kukueleza kwa nini ameihamisha kamera. Utaona alichoamua, lakini sababu utabaki kuibahatisha. Isitoshe, katika kazi zetu nyingi za bajeti ndogo msaidizi ndiye anayebeba taa na ndiye anayefuata chakula. Kubalianeni kabla kwamba utakuwa upande wa uongozaji, uwepo kwenye mazoezi ya waigizaji na usomaji wa mswada, maana huko ndiko uongozaji wenyewe unakofanyika.

Binti wa Kampala
Ndugu yangu, warsha huziba pengo hilohilo alilolitaja Mhariri, kwa kuwa pale mbobezi amekuja kueleza. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji filamu Mira Nair hapa Kampala mwaka 2004, imewafundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, na kigezo kikuu cha kupata nafasi kimekuwa mswada wa mwombaji. Nairobi kumekuwa na warsha za One Fine Day Films, ya mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ambayo iliunganisha warsha na utengenezaji wa filamu kamili: mafundi wazoefu wa nje walikuwa washauri wa idara, huku Wakenya wakishika uongozi wa kazi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ilitokana na mpango huo na ikawa filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Oscar. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio bora kuliko yote, kwa sababu ushauri unatolewa wakati kosa bado linarekebishika. Ugumu ni kwamba nafasi ni chache mno, na huwezi kuyapanga maisha yako kwa kusubiri tangazo.

Sauti Kwanza
Naheshimu maoni yaliyotangulia, ila naona chuo kinapuuzwa. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, imewalea mafundi wengi wa filamu na televisheni, na faida yake ni kwamba unakosea bila mtu kupoteza fedha. Chukua jambo dogo: kabla ya kuondoka lokesheni, fundi sauti huwaomba wote wanyamaze, akarekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika hivi, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo kati ya maneno. Kwenye seti utaona watu wamesimama kimya. Chuoni utaelezwa, kisha utahariri pasipo sauti hiyo na kusikia jinsi mazungumzo yanavyokatikakatika. Kwa kuwa udhaifu wako ni waigizaji, ningekuelekeza pia TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwongozaji aliyewahi kusimama jukwaani huongea na mwigizaji kwa lugha anayoielewa.

Mpigapicha wa Moro
Nawashukuru sana. Je, nikichagua seti, nitampataje mtu wa kunieleza hizo sababu?

Mhariri Kinondoni
Omba kukaa kwenye chumba cha uhariri baada ya upigaji picha kuisha. Huko hakuna jua linalozama, na mwongozaji mwenyewe huanza kusema kwa nini shoti fulani haifai, wapi mwigizaji alionyesha hisia kabla ya wakati wake, na wapi kamera ilivuka mstari wa kufikirika unaowaunganisha wahusika wawili hadi wakaonekana wote wanatazama upande mmoja. Halafu tumia sehemu ya akiba kupiga filamu yako ya dakika 10 yenye wahusika wawili na chumba kimoja, umpelekee mwongozaji huyohuyo ikiwa bado haijakamilika. Filamu hiyo pamoja na mswada wake ndivyo utakavyoambatisha Kampala au Nairobi watakapotangaza nafasi. Kuhusu TaSUBa namuunga mkono Sauti Kwanza. Ulizia kozi fupi za uigizaji kabla hujahamia Dar es Salaam.