Ukoo wa Barazani: Maswali ya Idi Pili

Shangazi, saa 1:05 jioni: Assalamu alaykum, ndugu zangu na wanangu. Chemsha bongo ni keshokutwa, nami sijapokea swali hata moja. Naomba kila nyumba ilete maswali matano ya fasihi, filamu, televisheni, elimu na jiografia, pamoja na majibu yake, kabla ya Isha kesho.

Shangazi, saa 1:50: Watu kumi na tisa wameusoma ujumbe huu na hakuna aliyejibu.

Mama Mapacha, saa 2:20: Wa alaykum salaam, wifi. Swali letu la kwanza ni hili: ni mwandishi gani wa Kiswahili, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021?

Shangazi: Wifi yangu, Abdulrazak Gurnah anaandika kwa Kiingereza, na hiyo *Peponi* tunayoazimana ni tafsiri. Ondoa "wa Kiswahili" nami nitalipokea.

Mjomba, saa 2:41: Kabla hatujaendelea, nauliza kama swali la ziwa litarudi, kwa sababu mwaka jana wanangu walinyimwa ushindi walioustahili.

Kaka wa Kigoma: Mjomba, lile kapu la tende la ushindi tulikwishalila, hata kokwa hazikubaki.

Dada wa Muscat: Mimi kokwa moja niliipanda, imeshachipua 😂

Shangazi: Tafadhalini, tusitoke kwenye jambo. Filamu analeta nani?

Mjomba: Swali lilikuwa "Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi?" Wanangu walijibu Tanganyika, wakakatwa.

Kaka wa Kigoma: Mimi ni wa Tanganyika, lakini Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na letu halifiki nusu yake.

Mjomba: Huo ni upana wa juu. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na maji yake ni karibu mara saba ya maji ya Victoria, ambalo kina chake hakifiki mita 100.

Babu, saa 3:30: Mjukuu amenisomea yote. Nilisafiri ziwani kwa meli ya Liemba kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na iliposimama mabaharia waliteremsha kamba yenye jiwe, nikaihesabu pima baada ya pima hadi ikaisha mikononi mwao bila jiwe kugusa chini. Swali lile nililitunga mimi, shangazi yenu alilisoma tu. Halikusema linapima nini, basi kosa ni langu, na watoto waombwe radhi mbele ya watu.

Shangazi, saa 3:58: Tumesikia, baba. Kila swali litaje kipimo chake. Hata la televisheni nimelirekebisha, kwa kuwa Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Bara ikasubiri hadi 1994, hivyo haitoshi kuuliza "Tanzania ilianza lini?"

Mjomba: Nimekusikia, Mzee, nami nashukuru. Na kapu je?

Shangazi: Tutalizungumza siku hiyo hiyo. Filamu bado hazina mtu.

Kaka Mdogo, saa 5:40 usiku: Samahanini, nilikuwa kazini. Ninalo moja la filamu, la Ousmane Sembène wa Senegal. Je, hayo matano ni kwa nyumba au kwa kila mtu?