Mjadala: Je, anayelipwa kwa umbo lake alazimishwe kutaja sindano zilizolijenga?

Mwanzisha mada:
Ndugu wachangiaji, tangu Julai 2022 sheria ya Norway inawataka watangazaji wa biashara waweke alama kwenye picha ambayo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imerekebishwa. Kwa wanaume naona haitoshi, kwa sababu mara nyingi kinachodanganya si picha bali mwili wenyewe, uliojengwa kwa sindano za testosteroni, yaani homoni ya kiume, kisha ukanadiwa kuwa ni matunda ya mazoezi na mayai. Brian Johnson, Mmarekani anayejiita Liver King, alihubiri ulaji wa maini mabichi, akauza virutubisho na kukana kutumia dawa, hadi barua pepe zake zilipovuja na akakiri Desemba 2022. Picha zake hazikuhitaji kurekebishwa.

Kijana anayebeba vyuma vya makopo ya zege huko Manzese au Mathare hujipima kwa mwili wa namna hiyo, na asipoufikia hujiona mvivu, ndipo naye anapoanza kuulizia sindano. Homoni ya kuchomwa ikizidi, ubongo huacha kuziamrisha korodani, nazo husinyaa na mbegu hupungua. Moyo nao huweza kutanuka. Kwa hiyo nasema: anayelipwa kwa umbo lake ataje dawa alizotumia.

Mchangiaji wa kwanza:
Ugonjwa nauona, tiba yako ndiyo siikubali. Huko huko Norway, kutumia dawa hizo ni kosa la jinai tangu 2013, hivyo ukimlazimisha mtu azitaje unamlazimisha ajishtaki mwenyewe. Zaidi ya hayo, shinikizo hili limeitangulia mitandao. Watafiti wa Marekani walimpima G.I. Joe, mwanasesere wa kijeshi wa wavulana: kama angekuwa na kimo cha mtu, mzingo wa mkono wake wa juu ungekuwa takriban inchi 12 mwaka 1964, na karibu inchi 27 kwa toleo la miaka ya 1990. Sisi nasi humsifu mtu kwa kumwita miraba minne na humcheka mwembamba kwa kumwita kimbaumbau, tena mbele ya watoto. Sheria ipi itatufunga midomo?

Mwanzisha mada:
La kujishtaki nakubaliana nawe, na sikulipima vizuri. La kimbaumbau ni kweli, ila mzaha wa mtaani haumuuzii mtu kopo la unga wa kujenga misuli kila mwezi. Basi mzigo tuuhamishe kwa wafanyabiashara. Denmark inazitaka jimu ziwaeleze wateja iwapo zimejiunga na mpango wa kupima dawa hizo au la, bila kumwuliza mtu yeyote siri ya mwili wake. Kampuni ya virutubisho ingeweza kutakiwa vivyo hivyo: iseme kama yule inayemweka kwenye tangazo hupimwa au hapimwi. Hata hilo, ndugu yangu, unalipinga?